Nani Aliyeona kwa Macho Yake?

Katika nchi ya Wakisii, na hasa katika vilima vya Nyamira, ndoa ya zamani haikuanza kwa ng'ombe. Ilianza kwa maswali. Kabla mahari haijatajwa, na kabla wazee wa pande mbili hawajaketi pamoja, alitumwa mtu mmoja mwenye miguu myepesi na masikio mapana, akaenda hadi kijiji cha msichana kuchungua. Mtu huyo huitwa esigani. Waswahili wa pwani wangemwita mshenga, lakini kazi ya esigani ilipita kupeleka maneno ya posa na kurudi na jibu. Yeye alikuwa mpelelezi hasa, ingawa hakuvaa kofia ya serikali wala hakulipwa mshahara.

Sababu ya kumtuma ilikuwa kubwa. Mkisii hakuoa katika ukoo wake mwenyewe, bali alioa katika ukoo wa kando. Na koo hizo za kando ndizo zilizogombana na ukoo wake juu ya malisho na mipaka. Ndiyo maana wazee wana msemo kwamba wale tunaowaoa ndio tunaopigana nao. Basi kijana aliyependa msichana wa ng'ambo ya mto alipenda katika nchi asiyoijua, kati ya watu waliokuwa jana wakiwarushia baba zake mikuki. Moyo wake ulikwisha kuvuka mto, lakini akili ya wazee ilibaki ng'ambo, ikingoja habari.

Maswali ya esigani yalikuwa mengi. Je, msichana ana bidii shambani? Mama yake huwapokeaje wageni? Baba yake anadaiwa ng'ombe na watu? Lakini swali moja lilikuwa zito kuliko hayo yote, wala halikuulizwa kwa sauti kubwa: je, katika nyumba ile yumo omorogi? Omorogi ni mchawi. Kwa itikadi ya Wakisii yeye hutembea usiku bila nguo, amechukua chungu chenye moto, huua watu kwa siri, na huwafukua wafu. Tena husemwa kwamba mzazi humfundisha mtoto wake kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye kuoa binti wa omorogi alihofiwa kuleta mauti nyumbani mwake pamoja na bibi harusi.

Ili msomaji aone jinsi kazi hiyo inavyofaa kufanywa, chukua mfano. Karani kijana wa kituo cha kununulia majani ya chai, upande wa Mugirango, amempenda msichana wa upande wa Kitutu. Amemwona akileta kikapu chake kwenye mizani, na tangu siku ile amekuwa akiandika kilo za watu wengine huku macho yake yakitazama njia. Hajasema naye maneno ishirini. Hata hivyo msichana amejua, na kila mara huchagua kusimama mwisho wa mstari, ambapo mazungumzo hayana haraka.

Karani anakwenda kwa mzee mmoja mwenye busara na kumwomba awe esigani wake. Mzee anavuka mto. Siku ya kwanza tu anapokewa na habari ya kutisha. Watu wa kijiji wanamwambia kwamba nyanya wa msichana, mjane anayekaa peke yake kando ya shamba dogo la chai, huonekana usiku akipita njiani na moto. Wanasema kanga yake imeonekana na damu asubuhi. Wanasema mtoto wa jirani alikufa siku tatu baada ya kunywa uji nyumbani mwake. Na mmoja ananong'ona kwamba mwanamke huyo hufyonza damu ya watoto wachanga, ndiyo sababu amezeeka bila kuugua.

Mzee mwingine angalirudi nyumbani jioni ile ile na kusema, "Mwanangu, acha." Huyu anakaa. Anamwendea kila aliyesema na kumwuliza swali moja tu: "Je, wewe uliona kwa macho yako?" Wa kwanza hakuona, alisikia kwa wa pili. Wa pili alisikia sokoni. Wa tatu alisikia kwa wa nne. Kama mtu afuataye kijito hadi kwenye chemchemi, mzee anafuata neno hilo nyumba kwa nyumba, mpaka anafika kwa mpwa wa marehemu mume wa yule mjane. Na hapo maji yanakoma. Anagundua kwamba mpwa huyo ana kesi kwa chifu juu ya mpaka wa shamba lile la chai.

Kisha mzee anakwenda zahanati kuuliza habari ya mtoto, naye anaambiwa kwamba aliletwa akiwa na homa kali ya malaria, tena amechelewa. Mwisho anabisha hodi kwa mjane mwenyewe.

"Nyanya," asema baada ya salamu, kwani hata mzee humwita hivyo mwanamke wa umri ule, "watu husema wewe huonekana njiani usiku."

"Husema kweli," ajibu mjane. "Watoto hawangoji jua lichomoze ndipo wazaliwe."

Mwanamke yule ni mkunga. Moto ulioonekana ulikuwa taa yake. Damu ya kanga ilikuwa ya uzazi. Na mikono iliyosemwa kuwa yaua watoto ndiyo iliyowapokea nusu ya watoto wa kijiji kile, pamoja na baadhi ya wale walioeneza uvumi. Mjukuu wake, aliyekuwa kimya pembeni akipepeta wimbi, anainua uso na kusema maneno machache tu: "Baba, mwambie aliyekutuma kwamba kama anaamini uvumi, ng'ombe wake na wabaki kwao." Mzee anacheka, na njia yote ya kurudi anacheka, maana amekwisha kujua ripoti atakayoitoa, na amejua pia kwamba karani amechagua vema.

Mfano huo ni mdogo, lakini ndani yake yamo mambo yote ya upelelezi: shahidi aliyeona, sababu ya kusema uongo, na maelezo mengine ya alama ile ile. Asiyeuliza mambo hayo matatu hubaki na damu kwenye kanga na moto njiani, na hofu humalizia hadithi iliyobaki.

Uvumi wa wafyonza damu haukuzaliwa Kisii peke yake. Umetembea Afrika Mashariki yote kwa zaidi ya miaka mia. Pwani uliitwa mumiani, jina la dawa nyeusi kama gundi au lami, iliyouzwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika na maumivu mengine, na ambayo watu walidhani imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Nairobi na Kampala uliitwa wazimamoto. Huko ilisemwa kwamba watu wa zimamoto huwakamata wapita njia usiku, huwatia mashimoni, na kuwatoa damu. Mwanahistoria Luise White wa Marekani alikusanya hadithi hizo katika Kenya na Uganda, na mwaka 2000 akatoa kitabu kikubwa juu yake. Alionyesha kwamba katika hadithi hizo watu walizungumza juu ya mambo yaliyowasumbua kweli: kazi za mshahara wasizozielewa, magari mapya, vyombo vya hospitali, na serikali ya kigeni iliyochukua vitu bila kueleza.

Si vigumu kufahamu. Mtu atokaye shamba aliona gari jekundu lenye mipira mirefu, limefungiwa katika nyumba kubwa. Aliona watu wenye sare wakikaa kutwa bila kazi inayoonekana, na usiku wakitoka mbio wakipiga kengele. Moto hakuuona. Hapo aliuliza, kwa haki kabisa, "Watu hawa hulipwa kwa kazi gani?" Swali lilikuwa jema. Jibu ndilo lililokuwa baya, kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kumpa jibu lingine.

Na majibu ya namna hiyo yalizaa matendo. Mwezi wa Juni 1947 umati wa watu huko Mombasa ulikishambulia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi wa wanyonya damu. Mwaka 1959 huko Kampala mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kujaribu kumwuza mwenzake katika kituo cha zimamoto. Msomaji alifikiri vizuri jambo hilo. Hapakuwa na mnunuzi, wala haikuwako biashara hiyo. Lakini muuzaji alikuwako, naye aliyetaka kumwuza alikuwako, mtu mwenye jina na mama yake. Uvumi ulikuwa uongo, lakini hatari iliyotokana nao ilikuwa ya kweli.

Katika miaka hiyo hiyo hadithi za upelelezi zilianza kusomwa kwa Kiswahili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyepata kuwa mhariri wa gazeti la Mkulima, alishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 hadi 1958, na mwaka 1960 kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa. Humo mtu ameuawa, na maiti yake imeonekana bila kichwa mahali pa mzimu. Wenye hofu wanatazama mzimu. Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anatazama watu. Wasomaji wengi walikipenda kitabu kile kwa raha ya kubahatisha nani muuaji, lakini ndani ya raha hiyo limo fundisho zito: mahali watu wanapoogopa kutazama ndipo muuaji hupenda kuficha kazi yake.

Lau fundisho hilo lingalifika kila kijiji, huenda mwezi wa Mei 2008 usingalikuwa na sifa mbaya katika historia ya Kisii. Mwezi huo kundi kubwa la vijana lilipita nyumba kwa nyumba usiku, na watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wazee sana, wakachomwa moto kwa kudaiwa kuwa wachawi. Iliripotiwa kwamba kundi lilikuwa na orodha ya majina. Iliripotiwa pia kwamba wanakijiji walisema limeokotwa daftari katika shule ya msingi, na kwamba ndani yake yameandikwa mambo yaliyojadiliwa katika mkutano wa wachawi, pamoja na majina ya watakaorogwa.

Hapo karani yeyote aliyepata kuandika kumbukumbu za mkutano angaliweza kuwa Bwana Msa. Daftari ni ushahidi unaoshikika mkononi. Ni mwandiko wa nani? Je, wazee wa miaka 80 na 90, ambao wengi wa rika lao hawakupelekwa shule, waliandika wao? Nani aliliokota, na nani alikuwa wa kwanza kulisoma? Kwa nini siri kubwa namna hiyo iachwe shuleni, mahali pa watoto? Maswali hayo yangalichukua siku moja. Mwalimu mmoja mwenye madaftari ya wanafunzi wake angaliweza kulinganisha mwandiko. Lakini moto hausubiri mwandiko. Wale ambao wangaliulizwa walikuwa majivu kabla ya mapambazuko.

Wala wasisome habari hizo wakulima wa mahali pengine wakajiona salama. Mwezi wa Oktoba 2016 wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, kuchukua sampuli za udongo. Kazi yao ilikuwa kumsaidia mkulima ajue shamba lake linapungukiwa na nini. Yowe likapigwa kwamba wanyonya damu wameingia. Watafiti wawili na dereva wao wakauawa na kuchomwa moto. Udongo waliokuja kuupima ni udongo wa wale waliowaua.

Itasemwa: je, hakuna kabisa muuaji wa kweli? Yuko. Ndiyo maana jambo hili si la kuchekwa. Mwezi wa Julai 2021 polisi wa upelelezi nchini Kenya walimkamata kijana wa miaka 20 kwa habari ya watoto waliotekwa nyara, miili yao ikapatikana. Polisi walisema kwamba alikiri kuua watoto zaidi ya 10 katika muda wa miaka mitano, na kwamba baadhi yao alinyonya damu yao. Kwa mara moja neno lililokuwa la hadithi liliandikwa katika taarifa ya polisi. Mzazi aliyesikia habari hiyo na kufunga mlango mapema hakuwa mjinga.

Lakini tazama jinsi ilivyokwisha. Tarehe 13 Oktoba 2021, siku aliyopaswa kufikishwa mahakamani, ilionekana kwamba mtuhumiwa ametoroka katika kituo cha polisi huko Nairobi. Alikwenda kwao Bungoma. Tarehe 15 majirani walimtambua, na umati ukamwua. Wengi walishangilia. Waliopoteza watoto wao, je, walipata nini? Hawakusikia ushahidi ukisomwa. Hawakujua kama alikuwa peke yake au alikuwa na wenzake. Mzazi ambaye mtoto wake alipotea na hakuonekana tena hana wa kumwuliza kama mtoto huyo alikuwa mmojawapo. Umati ulidhani umelipiza kisasi, kumbe ulizika majibu pamoja na maiti.

Siku mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 2021, katika Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai kwamba walimroga mwanafunzi mmoja. Katika juma moja, basi, Kenya iliona mambo mawili. Umati ulimwua mtu aliyesemwa na polisi kuwa muuaji, na umati mwingine ukawaua wanawake ambao hakuna mahakama iliyowaona na hatia yoyote. Mbio zilikuwa zile zile, yowe lile lile, na mikono iliyoinuliwa haikujua tofauti. Hilo ndilo neno la kufikiriwa na kila mtu mwenye watoto na kila mtu mwenye mama mzee. Umati hauna macho ya kupambanua. Ukimpata mwovu leo ni kwa bahati, na kesho utampata mkunga.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1925, haimwadhibu tu yule ajidaiye kuwa na nguvu za uchawi. Humwadhibu pia yule amshtakiye mwenzake kuwa mchawi bila kupeleka neno hilo kwa mtu mwenye mamlaka, kama chifu au polisi. Wengi huijua sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili. Anayetaja jina la mama wa watu sokoni, kwa kunong'ona, akidhani maneno hayana alama za vidole, naye ametenda kosa.

Hata hivyo sheria hukaa mbali, mjini, na yowe hupigwa karibu, kilimani. Kati ya yowe na moto huwa na nafasi fupi sana, pengine saa moja tu, na katika nafasi hiyo anatakiwa mtu mmoja mwenye moyo wa kusimama njiani na kuuliza. Si lazima awe askari. Anaweza kuwa mwalimu, au mzee wa kijiji, au mwuza duka ambaye kila mtu anadaiwa naye. Aulize kwa sauti ili wote wasikie: Ni nani kati yetu aliyeona kwa macho yake? Ni nani atakayepata shamba hili mwenyewe akifa? Je, mgonjwa amepelekwa zahanati, na daktari alisema nini? Na kama mtu ana ushahidi, kwa nini usipelekwe kwa chifu sasa hivi, angali mtuhumiwa yu hai na anaweza kujibu?

Katika umati wa watu mia, huenda tisini na tano walikuja kwa sababu wenzao walikuja. Hao, wakisikia swali, husita. Na mtu akisita huona aibu ya jiwe alilolishika. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, nao walikuwa wakisema juu ya safari na mapishi. Juu ya roho ya mtu neno hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa chakula kilichoungua hupikwa tena kesho.

Vijana wa siku hizi huoana bila esigani. Hukutana mjini, huandikiana kwa simu, na wazee hupata habari mwishoni. Mila hiyo ikipungua, isipotee akili yake. Wakisii wa zamani waliona kwamba si haki kumchukua binti wa watu, wala kumkataa, kwa neno la sokoni, wakamweka mtu maalum wa kulipima neno hilo. Ikiwa walifanya hivyo kwa ajili ya kuoa, jambo ambalo likiharibika ng'ombe hurudishwa, si zaidi sana ifanywe hivyo kabla ya kuua, jambo ambalo hakuna ng'ombe wa kulirudisha?